Ofisi ya wanasheria wa tiketi za CDL: nililipa dola 450, nikabaki na pointi zilezile

Ninaendesha trela kwa leseni ya CDL, yaani leseni ya kuendesha magari ya kibiashara, ya jimbo la Ohio, Marekani, na hapa ninaitathmini ofisi ya wanasheria niliyoiajiri baada ya kusimamishwa na polisi nikienda maili 71 kwa saa kwenye barabara ya maili 55. Jina la ofisi sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyaeleza ni malalamiko.

Tiketi yenyewe, yaani hati ya kosa na faini niliyoandikiwa, niliidharau. Kwa sheria ya Ohio kosa hilo huongeza pointi 2 za adhabu kwenye rekodi ya dereva, na leseni husimamishwa kwa miezi 6 dereva anapofikisha pointi 12 ndani ya miaka 2. Mimi nilikuwa na pointi 2 za zamani, hivyo nilijiona niko mbali na hatari, na nilikwisha kutoa kadi ya benki ili nilipe faini mambo yaishe. Mwanasheria wa ofisi hiyo ndiye aliyenizuia. Alinieleza kwamba kulipa faini ni kukiri kosa, kwamba kukiri ni kutiwa hatiani, na kwamba kwa mwenye CDL ipo hesabu ya pili ambayo haina habari na pointi za jimbo. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, huhesabu makosa inayoyaita mazito, yakiwamo kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi, kulifuata gari la mbele kwa karibu mno, kubadili njia ovyo na kushika simu huku unaendesha. Ukitiwa hatiani kwa mawili ndani ya miaka 3 ukiwa kwenye gari la kibiashara, unaondolewa haki ya kuliendesha kwa siku 60, na la tatu linakupa siku 120. Pointi zangu za zamani zilitokana na kulifuata gari la mbele kwa karibu. Toa 55 katika 71, unabaki na 16. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimekaribia kulipia kwa mkono wangu miezi miwili ya kukaa bila kazi.

Mahakamani walifanya kazi ya kusifiwa. Mwanasheria aliomba kumbukumbu za upimaji wa kifaa cha mwendo, zikakutwa na pengo, na mwendesha mashtaka akakubali kwamba ushahidi unaosimama ni wa maili 68. Pointi hazikupungua hata moja, na mtu asiyejua angesema nimeibiwa dola 450. Lakini maili 13 si kosa zito, na hilo tu ndilo nililokuwa nimelinunua.

Malalamiko yangu yanaanza na karani aliyepokea simu yangu ya kwanza, ambaye alinihakikishia, "Usijali kaka, utahudhuria darasa la udereva na kosa litafutwa." Hilo si kweli kwa mwenye CDL. Kanuni ya shirikisho inayakataza majimbo kuficha au kuahirisha hatia ya dereva wa aina yetu, hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo la nyumbani, isipokuwa makosa ya maegesho, uzito wa gari na ubovu wa gari. Mwanasheria alimsahihisha siku ileile, ila sijui ni madereva wangapi huishia kwa karani.

Baada ya hukumu walinyamaza kabisa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba nina siku 30 za kumwarifu mwajiri kwa maandishi, wajibu unaohusu hatia yoyote ya barabarani isipokuwa ya maegesho. Zaidi ya hapo, ripoti ya ukaguzi wa barabarani iliendelea kuonyesha maili 71 katika kumbukumbu za shirikisho, na waajiri wapya wanaopekua rekodi za PSP, yaani za usalama wa dereva kabla ya kumwajiri, huona kaguzi za miaka 3 iliyopita. Nilipouliza, wakataka dola 150 zaidi ili kupeleka ombi la marekebisho kupitia mfumo wa DataQs, ambao dereva yeyote anaweza kuutumia bila malipo. Nililituma mwenyewe nikiwa nimeegesha kwenye kituo cha malori, nikaambatanisha hukumu ya mahakama, na kazi yote haikufika saa moja.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano, zote tatu za mwanasheria. Nikipata tiketi nyingine nitawaajiri tena kwa ajili ya mahakama peke yake, na nitaomba kuzungumza naye yeye kabla ya mtu mwingine.