Siku 11 na kempa Iceland: kadi ya kambi nitairudia, kempa yenyewe hapana

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mdogo wake wa miaka 19 anayesoma hapa hapa Hamburg. Kempa tuliyokodi ilikuwa kigari cha kubebea mizigo kilichotiwa kitanda nyuma, kijokofu, beseni la kuoshea vyombo na hita. Kitanda ni cha watu wawili. Shemeji alijua hilo tangu mwanzo, akabeba hema lake.

Mimi nilikwenda na akili ya barabara za kwetu Tanzania. Dereva usiku ukimkuta Segera au Chalinze anasogea pembeni, anapandisha vioo, anajilaza. Kwa hiyo usiku wa pili, tukiwa kusini, tulipoona eneo la kuegesha lenye nafasi tele na mlio wa maporomoko kwa mbali, nikasema hapa pametosha. Ilikuwa mwisho wa Juni. Jua huko linazama saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, na katikati hapo hakuna giza, kuna mwanga mwanga tu kama wa magharibi uliogoma kuondoka. Saa saba tukagongewa kioo. Bwana mmoja mwenye jaketi la kung'aa, mpole kabisa, akatueleza kwamba hapa hapalaliwi, kambi iko mbele, twende. Hakututoza faini. Lakini kumwamsha shemeji kutoka kwenye hema, kung'oa vigingi na kukunja turubai kwenye ule upepo, hiyo ilikuwa faini tosha.

Kumbe sheria yao ya kulinda mazingira iliyoanza kutumika 2015 inakataza kulala ndani ya kempa au karavani nje ya kambi, isipokuwa mwenye ardhi akubali. Zamani watalii walikuwa wakijilalia popote, na ule ukoga laini unaofunika mawe ya volkano, ukikanyagwa, unachukua miaka na miaka kurudi. Kwa hiyo Iceland swali la tulale wapi halingoji usiku. Ni la mchana, mkiwa mnakula.

Kambi zenyewe si shida kuzipata. Ipo tovuti ya tjalda.is yenye orodha na ramani, na mji mdogo kiasi gani hukosi kiwanja cha nyasi chenye vyoo na bomba. Nyingi hazitaki miadi: unafika, unachagua kipande chako, unalipa ofisini, au jioni anapita mtu na mashine ya kadi. Zile za karibu na vivutio ndizo zinazojaa. Skógafoss tulilala chini ya maporomoko ya mita 60, na usiku kucha ni ngurumo tu, kama umelala kando ya lori lililowashwa injini. Pazuri kwa picha, pabaya kwa usingizi.

Sasa kadi. Inaitwa Útilegukortið, na kwa wageni huuzwa kwa jina la Camping Card. Sisi tuliipata kwa karibu euro 180. Inatoa usiku 28 kwa watu wazima wawili na watoto wanne, kwenye kambi takriban 40 zilizo kwenye orodha yao. Mambo mawili niliyagundua nikishanunua. Kwanza, kodi ya malazi haimo. Kila usiku tulitoa krona 300 na ushei juu yake. Pili, shemeji wa miaka 19 si mtoto, hata kama dada yake anamwita mtoto. Kila tulipofika alilipiwa peke yake. Siku ya nne akaanza kujiita "nyongeza".

Ililipa? Katika usiku wetu 10, sita tuliitumia. Kwenye kambi za kulipia tulikuwa tukitoa kama krona 2,500 kwa kichwa, kwa hiyo kwa sisi wawili ilirudisha fedha zake na chenji kidogo. Faida kubwa ilikuwa kutupeleka tusikokusudia. Kambi za majina makubwa kama Reykjavík na Skaftafell hazimo kwenye kadi. Zilizomo ni za vijiji, hasa zile fiordi za mashariki, yaani ghuba nyembamba zilizoingia kati ya milima, ambako watalii wengi wanapita mbio. Fáskrúðsfjörður vibao vya mitaa vimeandikwa pia kwa Kifaransa, kwa sababu wavuvi wa Ufaransa walikuwa wakishinda huko enzi hizo. Jioni nzima tulikuwa magari manne tu kiwanjani.

Jambo ambalo halikusemwa popote nilikosoma: kambi ya kijiji ikikosa bafu la maana, nenda bwawa la kuogelea la kijiji hicho. Karibu kila mji unalo, na kwa mengi maji ya moto yanatoka ardhini. Ila jiandae. Kabla ya kuingia bwawani unaoga kwa sabuni, uchi kabisa, mbele ya wenzako, na ukutani kuna picha ya mwili wa mtu yenye alama nyekundu kukuonyesha pa kusugua. Sisi tuliolelewa kwamba hata kaka yako hakuoni bila msuli! Pale Eskifjörður shemeji alisimama na taulo lake kama mtu anayesubiri basi. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni hakumtazama hata mara moja, akamwonyesha ile picha kwa kidole, akaendelea kujisugua. Baadhi ya mabwawa yana kijichumba chenye pazia, uliza mapema. Ukishavuka hapo, unakaa kwenye beseni la maji ya moto na wazee wa kijiji wanaozungumzia hali ya hewa, na uchovu wote wa barabara unayeyuka. Mke wangu aliporudi kutoka upande wa wanawake alisema tu, "Usiniulize."

Maji ya moto ya kambi nyingi yananuka yai viza, ni salfa ya ardhini. Ya baridi hayana harufu na yananyweka moja kwa moja. Tulisonga ugali mara mbili. Mara ya kwanza nje, upepo ukazima jiko mara tano mpaka tukakata tamaa na unga ukabaki uji. Mara ya pili ndani ya jiko la pamoja la kambi, na Wajerumani wawili wakaja kuuliza kinachopigwa ni nini. Kitoweo kilikuwa harðfiskur, samaki mkavu wanayemtafuna na siagi. Mke wangu alitia kipande mdomoni akasema, "Hii ng'onda, wamesahau chumvi." Bei yake tusiizungumze.

Nirudi kwenye kempa. Kampuni siitaji. Hita ilifanya kazi usiku mmoja. Wa pili ikapuliza hewa baridi, ikazima. Betri ya nyuma ilikuwa imekufa, na kijokofu kikafa nayo. Nikapiga simu, nikaambiwa nitafute fundi mji unaofuata na nitunze risiti. Mji unaofuata ulikuwa saa mbili mbele, na ilikuwa Jumamosi. Tulilala na majaketi usiku sita, nje nyuzi saba. Fedha za betri walirudisha, baada ya barua pepe nne. Usiku nilioganda hakuna aliyeutaja. Ukikodi, washa hita hapo hapo uwanjani kwao, injini ikiwa imezimwa, kaa nayo nusu saa. Wakikuharakisha, zidi kukaa.

Na mlango: shika mlango kwa mikono miwili unapoufungua. Upepo wa kule unaweza kuukunja nyuma, na bima tuliyopewa ilisema wazi kwamba mlango uliong'olewa na upepo ni juu yako. Kila tuliposimama nilikuwa nikipiga kelele "Mlango!" mpaka ikawa salamu yetu ya asubuhi.

Usiku wa mwisho tulirudi kambi ya Reykjavík. Kuna rafu ambapo wanaoondoka huacha vilivyobaki na wanaofika huchukua: mitungi midogo ya gesi, tambi, chumvi, mafuta. Siku ya kwanza tulijiokotea gesi mbili hapo, hatukununua hata moja safari nzima. Tukarudisha mtungi wenye nusu na kilo moja ya sembe. Shemeji akaandika kwenye mfuko kwa kalamu nene UGALI, na chini yake akachora mwiko. Asubuhi tulipokwenda kupiga mswaki, gesi ilikuwa imeondoka. Sembe ilikuwa bado ipo.