Nanga ya Danforth kwenye boti ya maboya, Ghuba ya Winam

Kwa boti ya maboya, yaani sitaha bapa iliyowekwa juu ya maboya marefu, inayobeba wageni kutoka Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, nanga ya Danforth imenifaa kuliko jiwe lililofungwa kamba, kwa sababu jiwe hutegemea uzito wake tu, ilhali mabapa mawili ya nanga hii hujichimbia katika tope laini la Ghuba ya Winam. Boti hii huelea juujuu na turubai lake hushika upepo kama tanga, hivyo upepo wa alasiri utokao ziwani hupima nanga kikweli. Nanga ifungwe kwenye omo (mbele ya boti), kamwe si tezi (nyuma), na kamba ya nailoni iachiliwe mara tano hadi saba ya kina, ukijumlisha kimo cha omo juu ya maji: penye mita nne, pungufu ya ishirini ni kujidanganya. Kipande cha mnyororo kati ya kamba na nanga hulaza mpini wa nanga chini ili mabapa yaingie. Kasoro yake ni gugumaji: mizizi ikinasa kwenye bawaba inayounganisha mabapa na mpini, nanga huteleza. Bawaba hiyo pia hubana vidole, nalo tope jeusi huchafua sitaha.