PSI ya kerneli ya Linux: nyota 4, na ile ya 5 nimeibania makusudi

Mi sio mtu wa kuandika rivyu ila hiki kidude kimenitoa shimoni kwahiyo wacha nilipe deni. Naongelea PSI (Pressure Stall Information), ile sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inayopima muda ambao programu zako zinapoteza zikisubiri memori, prosesa au diski. Ni ya bure, imo ndani ya kerneli tangu toleo la 4.20 la mwishoni mwa 2018, hununui wala hudaunilodi kitu.

Kisa changu: kifaa kidogo cha memori mega 256, hakuna swap (sehemu ya diski ya kuhamishia memori ikibana), stoo ni eMMC (chipu ya kuhifadhi mafaili), juu yake kuna skrini ya kugusa. Mara mojamoja skrini inaganda. Sio sana, nusu sekunde hivi, unagusa kitufe kimya, unagusa tena kimya, halafu ghafla miguso yote inaingia kwa mpigo kama watu waliokua wamefungiwa mlango. Tukalaumu draiva ya skrini, tukalaumu shedula (inayogawa zamu za prosesa), mwenzangu mmoja akataka hadi tubadilishe skrini yenyewe. Ukipiga amri ya free unaona mega 40 ziko available, sasa hapo nani atahisi memori?

Na ndo kosa lenyewe, free inakwambia kiasi, haikwambii foleni. Hizo mega 40 nyingi ni kache ya mafaili (nakala zake zilizowekwa kwenye memori), ili upewe lazima kuna mtu afagie kwanza, swali ni nani anashika ufagio. Siku za kawaida ni kswapd, mfagizi wa kerneli mwenyewe, anafagia pembeni huku programu yako inaendelea na mambo yake. Ila memori ya wazi ikishuka hadi mstari wa min (kiwango cha chini kabisa), kerneli inaikamata programu ileile iliyoomba na kuiambia fagia wewe mwenyewe ndo upate. Wenyewe wanaita dairekti rikleimu. Kama uzi (tawi la programu) uliokamatwa ndo ule unaochora skrini, basi imekula kwako, na hakuna popote utaona ujumbe wa memori kuisha kwa sababu haijaisha.

Sasa PSI. Unasoma /proc/pressure/memory, inakupa mistari miwili. Ule wa some ni muda ambao angalau kazi moja imekwama kwa ajili ya memori, ule wa full ni pale ambapo zote zenye la kufanya zimekwama pamoja. Kila mstari una avg10, avg60 na avg300 kwa asilimia, mwisho kuna total kwa mikrosekunde.

Usifanye nilichofanya mimi cha kukodolea macho avg10. Nusu sekunde ndani ya sekunde 10 ni kama asilimia 5 tu, na ukichelewa kuangalia inazidi kuyeyuka, siku nzima mi naona vinamba vidogovidogo najiambia aah memori iko poa. Dawa ni total. Nikaandika kaskripti kanasoma kila milisekunde 100 na kutoa ya kabla yake kwenye ya sasa, na skrini ilivyoganda tu total ikaruka karibu 400,000. Milisekunde 400 zimeliwa na memori, ushahidi mkononi!

Hapa ndo niliipenda kweli. Nilikua nimeshawasha alama za ftrace (kinasa matukio cha kerneli), mm_vmscan_direct_reclaim_begin na mwenzake wa end, nikajumlisha muda wote wa programu kufagia nikapata kama milisekunde 60 tu. Zingine ziko wapi? Kumbe kwa kuwa hakuna swap, kerneli ikibanwa inatupa kurasa (vipande vya memori) za mafaili, na kodi ya programu yenyewe nayo ni faili, kwahiyo ilikua inaitupa nje kodi ya skrini halafu sekunde hiyohiyo inaisoma upya toka eMMC. workingset_refault_file kwenye /proc/vmstat, inayohesabu kurasa zilizotupwa zikasomwa tena, ilikua inapanda kama lifti. Ungehesabu allocstall (mara ngapi programu zimekamatwa zifagie) peke yake usingeliona hilo hata kidogo, PSI inahesabu vyote viwili.

Malalamiko sasa. Kwanza kerneli iliyokuja na bodi ya kifaa ilijengwa bila CONFIG_PSI, ikabidi kujenga upya (na kuna zingine imo ila imezimwa, unaweka psi=1 wakati wa kubuti). Pili, kswapd akiwa kazini naye anahesabika kwenye some ya mfumo mzima, yaani namba inaweza kupanda wakati programu yako haijaguswa kabisa. Ukiweka programu kwenye cgroup yake ya v2 (kikundi cha kerneli cha kutenga programu) na kusoma memory.pressure ya humo unapata picha safi. Tatu, na hii ndo imekula nyota, haikutajii mkosaji. Inakwambia umeibiwa na umeibiwa kiasi gani, mwizi msake mwenyewe.

Mwizi wetu alikua kaprogramu ka kubana mafaili ya logi, kakiamka kanajaza kache yote kwa pupa. Kwa mega 256 kerneli yenyewe inaweka min kama mega 2, na toka hapo hadi mstari wa kumuamsha kswapd ni kama nusu mega tu, yaani hata hajavaa viatu programu zishaanza kukamatwa. Nikapandisha watermark_scale_factor (inayopanga umbali kati ya mistari hiyo) toka 10 hadi 200, nafasi ikawa kama mega 5. Kaprogramu nikakafungia kwenye cgroup na memory.high (kikomo cha memori), programu ya skrini nikaipa mlockall (inayoshikilia kurasa zake kwenye memori) ili kodi yake isiguswe. Wiki nzima ya majaribio sijaona mruko wa kupita milisekunde 50. Sijui ni kipi kati ya hivyo vitatu kilisaidia zaidi, nilikua nimechoka nikaweka vyote.

Kama kerneli yako ni 5.2 kwenda juu kuna utamu mwingine: unafungua lile faili la /proc/pressure/memory, unaandika some 50000 1000000 (kwa mikrosekunde), unakaa kwenye poll (kusubiri kuamshwa), na kila ikipotea milisekunde 50 ndani ya sekunde moja unaamshwa. Dirisha lisiwe chini ya nusu sekunde wala kuzidi 10. Android nayo inaamua nani wa kuuliwa memori ikibana kwa kusikiliza PSI hivihivi, kwahiyo sio kitu cha majaribio.

Kwetu onyo likigonga tunachota bafa ya ftrace (matukio iliyonasa) na kuandika mstari mmoja kwenye logi. Ndio, logi zilezile zinazokuja kubanwa na yule mwizi.