Vifaa Vipya vya Baiskeli za Milimani: Vipi Vinafaa Kununuliwa kwa Njia za Pemba

Maonyesho makubwa ya biashara ya baiskeli, kama vile Eurobike ya Frankfurt, Taipei Cycle ya Taiwan na Sea Otter ya California, kila mwaka hutoa msururu wa vifaa vipya, na wanaovisifu kwa kawaida ni watu wanaoendesha kwenye misitu ya nchi za baridi, penye udongo mweusi laini na karakana yenye kila spana. Sisi wa Pemba tunaendesha kwengine. Njia ya kutoka Konde kupitia msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi huanza kwa udongo mwekundu ambao masika yakiingia tu hugeuka utelezi, hupita juu ya mizizi, kisha humalizikia kwenye mchanga mweupe usiokanyagika. Upande wa Micheweni ni jiwe tupu la matumbawe lenye makali. Na popote ulipo katika kisiwa hiki bahari haiko mbali, kwa hivyo chumvi hula chuma usiku na mchana hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ukumbini.

Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa vya miaka hii ya karibuni kwa kipimo kimoja tu: kikiharibika Konde saa kumi jioni, je, fundi aliyepo ataweza kunirudisha Wete kabla ya Magharibi? Wepesi wa gramu na uzuri wa rangi vinafuata nyuma ya swali hilo. Baadhi ya vifaa hivi nimevitumia mwenyewe, kwani ndugu yangu anayefanya kazi Ujerumani huniletea kila anaporudi nyumbani kwa mwezi wa Ramadhani. Vyengine navipima kwa namna vilivyotengenezwa.

Helmeti sikuiweka kwenye ushindani, kwa sababu hiyo hununuliwa kabla ya chochote kingine. Tafuta yenye alama ya EN 1078, ambayo ni kipimo cha usalama cha Ulaya, na fedha ikiruhusu chagua yenye Mips, utando mwembamba wa ndani uliobuniwa Sweden ambao huiachia helmeti iteleze kidogo kichwani inapogonga chini kwa mshazari, ili ubongo usizungushwe kwa nguvu. Helmeti ya mtumba usinunue hata ikiwa inang'aa. Povu lake limetengenezwa libonyee mara moja tu, na wewe huna njia ya kujua kama mara hiyo imekwisha kupita.

Nafasi ya kwanza naipa tairi yenye ubavu mgumu inayotumika bila tyubu. Jiwe la matumbawe halitoboi kama msumari. Hukata ubavu, au huibana tyubu kati yake na rimu ikatoka matundu mawili yaliyopangana sambamba, na kila aliyewahi kuteremka kasi njia za Micheweni ameyaona matundu hayo. Ukiondoa tyubu, tatizo hilo la kubanwa linaondoka lenyewe, na ukitia ndani dawa ya kuziba pancha, yale maji meupe ya utomvu wa mpira, tundu dogo la mwiba hujiziba hali ya kuwa gurudumu linazunguka. Nimewahi kuchomoa mwiba wa urefu wa ukucha nikiwa nimekaa juu ya baiskeli: dawa ilitoa mapovu, ikafanya tone jeupe, tone likaganda, nami nikaendelea na safari.

Hata hivyo si kila tairi ya aina hii inatufaa. Tairi nyepesi za mashindano zina ubavu mwembamba kama karatasi na dawa haiwezi kuziba mkato wa jiwe. Kwa Maxxis tafuta zilizoandikwa EXO+, kwa Schwalbe tafuta Super Trail, na ukubali uzito utakaoongezeka. Mwaka 2024 Schwalbe walileta pia tairi za milimani za mfumo wa radial, ambazo nyuzi zake zimelazwa kwa pembe tofauti ili mpira ulale vizuri zaidi juu ya ardhi isiyo sawa. Mshiko wake juu ya jiwe ni wa kupendeza mno, lakini zinakwenda nzito, na Pemba ni kisiwa cha vilima vifupi vinavyofuatana, unapomaliza kimoja unaanza chengine. Kwa mtu anayekwenda kwa kukanyaga mwenyewe bila mota, ningezitanguliza zile za kawaida.

Dawa hiyo ina adui mmoja, nalo ni joto. Baiskeli yangu ilikaa kaskazi nzima kwenye banda la bati, na nilipoifungua tairi nilikuta ngozi kavu ya mpira iliyogandamana ndani kama utandu wa maziwa, wala hapakuwa na tone la maji. Tangu siku hiyo naifungua na kuikagua kila baada ya miezi miwili, na baiskeli naiweka kivulini. Jambo jengine la kulijua kabla ya kutoa fedha ni kwamba tairi hizi hukaa kwenye rimu kwa kishindo kimoja cha upepo mwingi, ambao pampu ya mkono ya kawaida haiutoi. Nenda kwa wanaoziba pancha za gari, uwaombe wajaze kwa kompresa. Lakini chukua na kile kipua kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba kuwa kama ya gari, kwa sababu wao hawatakuwa nacho. Rimu nayo lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Za chuma za baiskeli za zamani hazifai, na asiyekuwa na rimu ya namna hiyo asijilazimishe.

Nafasi ya pili ni ya gia za CUES za Shimano zilizotoka mwaka 2023, na hapa nakiri kuwa nilikuwa na hamu kubwa, kwani ni mara chache kampuni kubwa huleta kifaa kipya ambacho sifa yake ya kwanza ni kudumu. Mfumo wake unaitwa Linkglide. Kaseti, yaani yale magurudumu madogo ya meno yaliyopangwa nyuma, ni ya chuma chenye meno mazito zaidi, na Shimano wenyewe wanadai kuwa inadumu mara tatu ya kaseti zao za Hyperglide. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba iwe gia 9, 10 au 11, mnyororo unaotumika ni wa aina moja, ule wa gia 11. Kwa duka la vipuri la Chake Chake maana yake ni kuweka mnyororo mmoja badala ya mitatu, na kwa anayeagiza kwa meli kutoka Unguja au Dar es Salaam maana yake ni kutokosea.

Ningenunua ile ya gia 9 yenye kaseti ya meno 11 hadi 46. Inatosha kwa kilima chochote cha Pemba, waya wake unaweza kurekebishwa na fundi yeyote mwenye koleo na macho mazuri, na haina betri. Angalia tu usichanganye: kibadili gia cha nyuma cha CUES huvuta waya kwa kiasi tofauti na vile vya zamani, kwa hivyo kibadili, kishikio cha kubadilishia gia kilichopo kwenye usukani na kaseti hununuliwa pamoja.

Kaseti ya kudumu haitadumu ikiwa mnyororo wake unapakwa oili chafu ya gari, kama wengi wetu tulivyozoea. Oili hiyo hukamata mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili hufanya kazi ya msasa. Siku hizi kuna vilainishi vya nta iliyochanganywa na maji, kama Squirt ya Afrika Kusini, ambavyo vikikauka havishiki vumbi. Kwa kiangazi na njia za mchanga hakuna kilicho bora zaidi, ila mvua ya masika huiosha nta upesi na hapo ndipo mnyororo hushika kutu kwa usiku mmoja, kwa hivyo kuanzia Machi hadi Mei mimi hurudi kwenye oili safi ya mashine, tone moja kwa kila kiungo, kisha nafuta kwa kitambaa. Kila mwezi chukua futi ya chuma ya seremala upime mnyororo kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano: ni lazima iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo kabla haujaila kaseti.

Breki za diski za mafuta ziko nafasi ya tatu, nazo zinahitaji uamuzi wa makini zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ziko aina mbili za mafuta. Shimano hutumia mafuta ya madini, ambayo hayanyonyi maji. Aina ya pili ni DOT, ileile ya breki za gari, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Breki huanza kulegea na mafuta yanatakiwa kubadilishwa mara kwa mara. SRAM, ambao kwa miaka mingi walishikilia DOT, sasa wameanza kuhamia kwenye mafuta ya madini: DB8 ya mwaka 2022 na Maven ya mwaka 2024 zote ni za namna hiyo, na hayo naona ni mabadiliko mazuri kwa sisi watu wa visiwani. Maven ina nguvu kupita haja yetu. DB8 inatosha, na Shimano za bei ya kati zinatosha vilevile.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni ya haki. DOT 4 unaipata duka lolote la vipuri vya gari, ilhali mafuta ya madini ya breki lazima yaagizwe. Jibu langu ni kununua chupa moja pamoja na breki na kuihifadhi, kisha kumwambia fundi waziwazi, tena mbele ya macho yako, kwamba ndani ya breki hizi isitiwe DOT hata tone, kwa sababu itaharibu mipira ya ndani na breki yote itakuwa ya kutupwa. Anayeishi mbali na mjini, au asiyetaka kubeba wasiwasi huo, achukue breki za diski za waya. Zinauma kidogo zaidi mkononi, lakini waya wake unapatikana hata dukani panapouzwa sukari na mafuta ya taa.

Tyubu za plastiki laini ya TPU, kama zile za rangi ya machungwa za Tubolito ya Austria au Aerothan ya Schwalbe, nimeziweka nafasi ya nne kwa kazi ya akiba peke yake. Moja ya inchi 29 ina uzito usiofika gramu 100, inakunjwa ikaingia kiganjani, na kwa anayekwenda bila tyubu ndiyo msaada wake siku ambayo tairi imekatika. Tatizo nililigundua chini ya mwembe wa fundi mmoja mzee, ambaye aliitumbukiza kwenye karai la maji, akaliona tundu, akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri, na kiraka kikabanduka kama gome. Alijaribu mara mbili. Kisha akanirudishia na kuniambia, "Mwanangu, huu si mpira. Niletee mpira nikuzibie." Alisema kweli: zina viraka vyake maalumu, na usipovibeba mfukoni umebeba mzigo wa bure.

Gia za umeme zisizo na waya, kwa mfano Eagle Transmission za SRAM zilizotoka mwaka 2023, ndizo zinazovutia macho zaidi, nami siwashauri watu kuzinunua kwa hapa. Seti ya daraja la GX, mojawapo ya hizo, ilipotoka ilizidi dola 1,000 za Marekani, inafungwa moja kwa moja kwenye fremu yenye tundu la UDH, yaani kipimo cha pamoja cha pale kinapofungwa kibadili gia cha nyuma, ambalo baiskeli nyingi zilizopo visiwani hazina, na ikigonga jiwe ikavunjika hakuna wa kuitengeneza kuanzia Mkoani hadi Kigomasha. Valvu ya Clik ya Schwalbe, ya mwaka 2024, ambayo pampu hushika kwa kuibonyeza tu, ni nzuri, lakini inaweza kusubiri. Magurudumu ya inchi 32 yaliyozungumzwa sana mwaka 2025 yaacheni kabisa, kwani hata tairi ya inchi 29 mara nyingi huagizwa.

Na kwa kuwa wengi hawatanunua baiskeli mpya bali watatia vifaa vipya kwenye baiskeli waliyonayo, kuna kosa moja la vipimo ambalo limenigharimu mwenyewe. Nilinunua tairi ya inchi 26 ya milimani kwa ajili ya baiskeli ya mtumba kutoka Japani iliyoandikwa 26, nikahangaika nayo asubuhi nzima na haikuingia. Inchi 26 za milimani ni rimu ya milimita 559. Zile za Japani zilizoandikwa 26 x 1 3/8 ni 590. Na Phoenix kubwa za 28 x 1 1/2 ni 635. Namba hiyo ya tarakimu tatu imechapishwa ubavuni mwa tairi, baada ya namba ya upana na alama ya kistari. Ifute vumbi, iandike kwenye karatasi, na uisome kama ilivyo kwa muuzaji wa Darajani au wa kwengineko kabla hajakufungia mzigo wa kupelekwa bandarini.