Kisu cha Kwanza: Chuma cha Springi au Chuma Kisichoshika Kutu?

Anayejifunza kutengeneza visu nyumbani hapa Mombasa ningemshauri aanze na springi kuukuu ya gari, ijapokuwa hewa ya bahari haina huruma nayo. Springi nyingi za lori zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kukazwa kwa moto wa makaa: hupashwa mpaka sumaku isinate tena, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, huongezwa moto kidogo, kisha hutoswa kwenye mafuta yenye joto. Tupa ikiteleza juu yake bila kuuma, chuma kimekaza, nacho hupashwa tena katika oveni kwa nyuzi 200 hivi kwa muda wa saa mbili ili kisikatike kwa urahisi. Kagua nyufa mapema, na usivunjike moyo kisu kikipinda kinapotoswa, kwani hata mafundi wazoefu hupatwa na hayo.

Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, kwa hakika kinawafaa zaidi wavuvi wetu, lakini zile aina zinazofaa kwa visu huhitaji nyuzi 1,000 na ushei, zikidhibitiwa barabara, jambo gumu mno kwa jiko la makaa. Vijiko na sufuria chakavu viache, maana vingi havikazi kwa moto.

Kisu cha springi nacho kioshwe na kukaushwa mara tu baada ya kukata ndimu au samaki, kisha kipakwe mafuta kidogo.