Uzoefu wangu na mkopo wa marejesho ya kodi hapa Columbus, Ohio

Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee, na ninalea peke yangu watoto wawili walio shule ya msingi. Mwishoni mwa Januari 2025 gari langu lilikufa giaboksi siku chache kabla ya kodi ya nyumba kudaiwa. Nikaingia katika ofisi moja ya kujaza ritani, yaani fomu ya hesabu za kodi ya mwaka, ambayo ilikuwa imebandika dirishani tangazo la mkopo wa papo kwa papo usio na riba. Mkopo huo hukatwa baadaye kwenye marejesho, yaani fedha ambazo serikali hukurudishia baada ya hesabu za kodi. Kwa hiyo niliomba mkopo juu ya kodi ya serikali ili nilipe kodi ya nyumba, na lugha yetu haikunisaidia nilipokuwa nikimweleza mama kwa simu ni kodi ipi inalipa ipi.

Kwetu Tanzania mfanyakazi hukatwa PAYE na habari huishia hapo. Hapa Marekani, mzazi wa kipato kidogo anaweza kurudishiwa fedha nyingi kuliko alizokatwa, kwa sababu ya nafuu mbili za kodi: moja ni ya mwenye kipato cha kazi, iliyoanzishwa mwaka 1975, na nyingine ni ya watoto. Mwaka 2024 nilipata mshahara wa dola 27,000 hivi na nilikatwa dola 611 tu, lakini ritani ilionyesha kwamba nilistahili takriban dola 6,057 kwa nafuu ya kwanza na dola 3,400 kwa ile ya watoto. Jumla ilikuwa dola 10,068, na ukubwa wa fedha hizo ndio unaozivutia ofisi za namna hii katika mitaa yetu.

Mkopo wenyewe ulikuwa dola 1,500, na ulitoka siku ya pili yake, ukiwa ndani ya kadi ya malipo. Riba kweli ilikuwa sifuri. Hata hivyo, katika ukurasa wa nne wa makaratasi niliyotia saini, kwa maandishi madogo, kulikuwa na ada ya kutayarisha ritani ya dola 420 na ada nyingine ya dola 50, kwa kuwa marejesho yangu yangepitia kwanza akaunti ya muda ya benki yao. Fedha ziliingia tarehe 27 Februari zikiwa dola 8,098, baada ya mkopo na ada zote kukatwa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba sheria iliyopitishwa mwaka 2015 inaizuia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kutoa marejesho yenye nafuu hizo mbili kabla ya katikati ya Februari, hata ukiwahi foleni siku ya kwanza. Nilichonunua, basi, kilikuwa mwezi mmoja wa kutumia sehemu ndogo ya fedha zangu mwenyewe.

Shemeji yangu, ambaye huchukua mkopo huo kila mwaka, hakubaliani nami hata kidogo. Hoja yake ni kwamba ada ya kutayarisha angeilipa tu, na kwamba anayetishiwa kufukuzwa nyumbani hawezi kuambiwa asubiri Machi. Hoja ya pili ninaikubali, maana mimi mwenyewe mwezi ule sikuwa na pa kukopa. Ya kwanza siikubali, kwa sababu mkopo hautolewi ila ukijaziwa ritani palepale, na kwa hiyo ada hiyo ndiyo bei yake, ingawa haiitwi riba.

Kilichonikera zaidi ni swali la mtayarishaji: je, sina mtoto mwingine wa kumwandika? Nilimtaja mpwa wangu wa Morogoro ambaye namlipia ada ya shule, naye akawa tayari kumwingiza. Nilikataa. Kwa nafuu ya kipato cha kazi, mtoto lazima awe ameishi nawe hapa Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Anayedai kwa uzembe wa makusudi hufungiwa nafuu hiyo miaka miwili, na kwa udanganyifu, miaka kumi. Atakayefungiwa ni mwenye ritani.

Baadaye ndipo nilipofahamu kuhusu VITA, huduma ya wajitoleaji inayosimamiwa na IRS, ambayo msimu uleule wa 2025 iliwahudumia bure watu wenye kipato cha hadi dola 67,000 hivi. Mwaka uliofuata nilikwenda kwao maktaba nikiwa na fomu yangu ya W-2, ambayo mwajiri huandika mshahara na makato ya mwaka, kitambulisho na kadi za hifadhi ya jamii za watoto. Nilikaa saa mbili na nusu kwenye kiti cha plastiki, mjitoleaji wa pili akaikagua ritani upya, na fedha zikaingia moja kwa moja katika akaunti yangu bila kupungua hata senti.

Ofisi ile naipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa kasi ya ile kadi. Shemeji ameshaniambia kwamba Januari atarudi kwao.