Fundi wa ukaguzi wa ndege aliyetujia Malindi, mi nimeridhika

Jamani wenye ndege za namba ya N, yaani zilizosajiliwa Marekani, huku Malindi, huyu fundi mwiteni. Cessna yetu ni ya rejista ya Marekani, sasa ule ukaguzi wa kila miezi 12 lazima usainiwe na fundi wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, mwenye IA, yaani idhini ya ukaguzi, leseni ya Kenya peke yake haitoshi hata awe hodari vipi. Wa kwanza tuliyempigia kumbe ana A&P tu, leseni ya fundi wa mwili na injini za ndege, hiyo yasaini ukaguzi wa kila masaa 100 ya kuruka lakini wa mwaka hapana, wiki nzima ikapotea. Huyu katoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na tochi yake, kapima kompresheni ya injini silinda moja moja, kafungua vifuniko vyote kutafuta kutu maana chumvi ya bahari hapa haina huruma, kisha kaandika logibuku, daftari la kumbukumbu za ndege, mbele yangu. Bei imeuma kidogo, tikiti na malazi yake ni juu yako.